Mipaini Kwenye Ngitili ya Mama Holo

Jumamosi, jioni. Asubuhi mvua ilipiga kwa fujo, ikaacha tope, kisha jua likatoka kali mpaka mgongo ukawa unatoa mvuke. Sasa kumepoa. Nimekaa mlangoni pa chumba changu hapa Buswelu, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na majivu yamegoma kutoka kwenye kucha.

Nina kinyaa.

Nimetafuta neno jingine nimelikosa. Hasira naijua, huzuni naijua vizuri tu. Hii ni ile hali ya kumeza kitu, halafu kikiwa katikati ya koo ndipo unagundua kimeoza.

Mnaonisoma humu mnajua nimetoka wapi. Nilikuwa kiwandani, nachuna minofu ya sangara. Matumbo ya samaki, maji ya damu yanaingia kwenye buti, harufu unakwenda nayo mpaka kanisani. Sikuwahi kutapika hata mara moja, hata nilipokuwa na mimba ya binti yangu. Leo nimetapika nyuma ya jiwe, hatua chache tu kutoka kwa watu waliovaa vizuri, na haikuwa kwa sababu ya harufu.

Ngoja niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikuwa mbaya hivyo.

Tangu mvua za vuli zianze napanda mipaini. Kiwanda kilipopunguza watu nami nikapunguzwa, na dada mmoja wa jirani akaniambia kuna kampuni inatafuta wanawake wa kupanda miche huko mbele ya Kisesa, kwenye kilima ambacho sitakitaja jina. Lori linatuchukua hapa barabarani asubuhi, linatushusha chini ya kilima, tunapanda kwa miguu na makreti ya miche kichwani.

Siku ya kwanza nilipofika juu nilishusha kreti nikatazama. Nilikuwa nimezoea vilima vyetu vya mawe, yale mawe makubwa yamepandana, miti imejipenyeza katikati yake. Hiki kilikuwa kimenyolewa. Walikata kila kitu, wakang'oa visiki kwa mashine, kilichobaki wakakichoma moto. Mawe yalikuwa meusi. Unakanyaga, mguu unazama kwenye majivu. Nikiwa nachimba shimo langu la tatu au la nne nikakuta kobe ameiva ndani ya gamba lake. Alikuwa amejikunja pale pale moto ulipomkuta. Deo, msimamizi wetu, alimpiga teke akabingirika mpaka bondeni, akasema, "Endelea dada, mvua haisubiri."

Nikaendelea. Kazi ni kazi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unapiga goti. Unachana kiriba, kile kimfuko cheusi cha plastiki, kwa wembe, taratibu, udongo usimwagike. Mche unauingiza shimoni, unarudishia udongo, unaushindilia kwa viganja vyote viwili. Unanyanyuka, unasogea, unapiga goti tena. Ikifika mchana kiuno hakijui tena kama ni chako. Mche wa mpaini ukiwa mdogo hauna sura ya mti, uko kama brashi ya kuoshea chupa. Lakini ukiangalia nyuma ukaona mstari wako umenyooka, kuna furaha kidogo. Nakiri hilo.

Tunapanda wawili wawili. Mwenzangu ndiye huyu ninayemwita Mama Holo humu. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu, ana mikono mipana ya kulima, na kaya yake iko pale pale chini ya kilima. Ukisimama juu unaona bati lake na zizi la ng'ombe. Mimi nakaa kulia, yeye kushoto. Mwanzoni alikuwa haongei kabisa. Kila nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu "Marahaba," basi, mpaka jioni.

Wiki ya pili ndipo akanisimulia.

Kile kilima kilikuwa ngitili. Kwa wasiojua, ngitili ni eneo ambalo familia inalitenga na kulitunza, hakuna kulima, hakuna kukata ovyo, ili wakati wa kiangazi ng'ombe wapate majani na nyumba ipate kuni. Ilikuwa ya upande wa mumewe, Baba Holo, lakini aliyeitunza ni yeye. Tangu alipoolewa. Yeye ndiye aliyekuwa anafukuza mbuzi wa watu, yeye ndiye aliyekuwa anagombana na wachoma mkaa. Nyasi za kuezekea, uyoga, dawa ya tumbo ya watoto, vyote alikuwa anavitoa humo.

Halafu siku moja zikaja mashine. Baba Holo akarudi nyumbani jioni amekunja uso, akasema mwenyekiti wa kitongoji ameitoa ngitili kwa kampuni. Kwamba ni mambo ya serikali, hakuna la kufanya.

Mama Holo alikwenda mpaka kwa mwenyekiti, Mzee Maduhu, akasimama nje ya ua wake akamtukana mbele ya watu. Matusi ambayo mama wa umri wake hatukani. Mzee Maduhu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema maneno mawili tu: "Kamuulize mumeo."

"Nikaona ananidharau," aliniambia. "Kwamba mimi mwanamke, nisiongee naye, nikaongee na mume wangu."

Nilimuuliza kwa nini basi anakuja kupanda miti kwenye ngitili yake mwenyewe. Alikuwa anashindilia udongo, hakuniangalia.

"Nisipopanda mimi atapanda mwingine. Nikiwa hapa angalau naona wanachokifanya."

Na kuna jambo jingine alilonisimulia, hilo alilisema akiwa amenipa mgongo. Mke wa Mzee Maduhu, Mama Kabula, alikuwa rafiki yake. Waliolewa kitongoji kimoja wakiwa wasichana, walikuwa wanakata kuni pamoja humo humo ngitilini, watoto wao walinyonya kwa yeyote aliyekuwa karibu. Baada ya ile siku ya matusi Mama Holo aliacha kumsalimia. Mama Kabula akaugua, hakwenda kumwona. Mama Kabula akafariki, hakwenda kumzika.

 Huku kwetu unaweza kugombana na mtu mpaka mkafikishana polisi, lakini mtu akifa unakwenda. Unakaa chini na wanawake wenzako, unasonga ugali wa waombolezaji. Usipokwenda, watu hawasahau. Mama Holo anaishi pale, anachota maji kisima kimoja nao, na tangu msiba ule wanawake wanampisha kisimani kama mgonjwa.

"Sikuweza," alisema. "Ningekaaje kwenye mkeka wa mtu aliyeninyang'anya?"

Basi, tumefika leo.

Leo ilikuwa siku ya wageni. Sehemu kubwa tulishaipanda, lakini kampuni ilitaka sherehe, wapige picha wakipanda. Maturubai yalifungwa tangu jana, viti vyenye vitambaa vyeupe, spika. Pilau ilikuwa inapikwa chini ya mawe. Sisi wanawake tulipewa fulana za kijani na tukaambiwa tusimame kwa mstari, kila mtu na mche mkononi, tuwe tunawapokeza wageni. Deo alipita anatukagua, akamwambia mama mmoja afute kamasi za mtoto, au mtoto asionekane kabisa.

Mama Holo aliniambia asubuhi kwamba mumewe alimkataza kuja. Alimwambia siku ya wageni hakuna kazi, ni siasa tupu, abaki apepete mtama. Yeye mwenyewe aliaga anakwenda Magu kwenye kikao cha ukoo, akaondoka na pikipiki. Ile pikipiki alimwambia mkewe kwamba si yake, anamwendeshea mtu.

"Nimekuja hivyo hivyo," alisema, akacheka kidogo. "Nataka kumwona huyo mwenye kampuni sura yake."

Wageni walichelewa. Jua likatuwakia. Miche ikaanza kulegea mikononi. Mwishowe magari yakapanda, yale ya vioo vyeusi, na mshereheshaji akashika kipaza sauti. Alisalimia huyu na yule, akatutaja sisi "mama zetu wapendwa," tukapiga makofi. Mgeni rasmi alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya kijani na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye majivu.

Halafu mshereheshaji akasema hivi, nayakumbuka maneno yake: "Na sasa tumkaribishe mzee wetu, mwenye eneo hili, ambaye kwa hiari yake mwenyewe alikubali kutuuzia ili tulete maendeleo. Mzee Masanja, baba Holo, uko wapi baba? Simama watu wakuone!"

Mwanamume akasimama mstari wa mbele wa viti. Suti ya kaki, mpya, mikunjo ya dukani bado iko mgongoni. Akavua kofia akapunga mkono.

Nilimwangalia Mama Holo. Hakutikisika. Mche alikuwa ameushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Nilidhani pengine hajasikia. Nikadhani labda kuna Baba Holo mwingine. Akili inakimbilia vitu vya ajabu.

"Mama yule wa mwisho, njoo na mche!" Deo akaita. Aliyekuwa mwisho wa mstari ni yeye. Deo hakujua lolote, namtetea kwa hilo tu. Alitaka mtu yeyote aliyekuwa karibu na shimo. Akamshika bega akamsukuma mbele.

Ndipo Baba Holo alipomwona.

Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Uso ulimwanguka mara moja tu, kisha akaukusanya. Mpiga picha alikuwa ameshainama. Mgeni rasmi alikuwa anavaa glavu.

Mama Holo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Uliniambia ni mwenyekiti."

"Tutaongea nyumbani," akajibu mumewe, midomo haifunguki.

"Uliniambia ni Maduhu."

"Usinitie aibu mbele za watu. Shikilia vizuri hapo, wanapiga picha." Kisha akatabasamu. Akageuka kwenye kamera, mkono mmoja kwenye bega la mkewe, akatabasamu na meno yote.

Kamera ikalia. Mgeni rasmi akauchukua mche akautumbukiza shimoni na kiriba chake, hakikuchanwa. Baba Holo akamwagia maji. Mgeni akavua glavu, akajifuta vidole kwa kitambaa cha karatasi chenye manukato, akakitupa mle mle shimoni, akafukia kwa ncha ya kiatu.

Watu wakapiga makofi.

Na mimi nikapiga.

Sikuamua. Mikono ilijipiga yenyewe, kwa sababu wote walikuwa wanapiga, na Deo alikuwa anatuangalia. Nilipiga makofi huku namwangalia Mama Holo amesimama chini ya mkono wa yule mtu. Nilipojisikia napiga ndipo nikatoka mstarini. Nikaenda nyuma ya jiwe.

Nilipomaliza kutapika nikajifuta kwa ile fulana yao. Huko mbele mshereheshaji alikuwa ameshawasha muziki.

Chakula waligawa wageni kwanza, sisi baadaye, nyuma ya lori. Mama Holo alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, sahani haigusi. Wenzetu walikuwa wamekaa na sahani zao. Wanne kati yao ni wa kitongoji kile kile, ni wale wale wanaompisha kisimani, na niliona wanavyotazamana.

Baba Holo akaja. Nilidhani anakuja kuomba radhi, mjinga mimi. Alikuja na soda ya baridi, chupa inatoa jasho, mafuta ya pilau yanang'aa kidevuni. Akamnyooshea mkewe.

"Kunywa. Jua kali."

Mama Holo hakuipokea. Mumewe akaiweka chini karibu na goti lake, akachuchumaa, akaanza kuongea kwa sauti ya kubembeleza ambayo ilinichefua zaidi kuliko kama angefoka.

"Ningekwambia ungelia tu, ungenisumbua. Ardhi ni ya ukoo wangu, mama Holo. Hilo unalijua. Nilikuwa nasubiri upoe."

"Nilimtukana Maduhu."

"Ulimtukana mwenyewe, mimi sikukutuma."

"Ulikuwa umekaa mlangoni unaniangalia navaa kanga niende."

 Mumewe akaangalia kule kwenye maturubai kama mtu anayeitwa.

"Mama Kabula alipokufa," Mama Holo akasema, "wewe ulikwenda kuzika."

"Nilikwenda. Ni jirani."

"Ulishika koleo. Watu wameniambia ulishika koleo. Ulikaa siku zote za msiba, ukala kwao. Na mimi umeniacha nyumbani, nasema siwezi kukanyaga kwa mwizi, na wewe unaniitikia, 'Ni kweli, usiende.' Ulinijibu hivyo. 'Ni kweli, usiende.'"

Sasa hapa ndipo jibu lake lilipotoka, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika. Alishika goti akanyanyuka, akakung'uta suti, akasema, "Sasa ningekuambiaje uende? Si mngeongea?"

Si mngeongea.

Alisema kama kitu cha kawaida. Kama anaelezea kwa nini alifunga mlango usiku. Aliuacha urafiki wa watu wawili ufe, na mmoja wao afe kweli, kwa sababu wakikutana wangeongea.

Aliondoka akarudi kwenye viti vyeupe. Soda ikabaki pale inapata moto. Hakuna aliyeigusa, hata yule mtoto.

Mama Holo alivua ile fulana ya kijani. Ndani alikuwa na gauni lake la kawaida. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kreti, akajifunga kanga akaanza kushuka kilima. Hakusema anakwenda wapi. Nikamfuata. Deo aliniita mara mbili, "Dada Minza! Dada Minza, bado hatujamaliza!" Sikugeuka.

Tulishuka bila kuongea. Kwenye mteremko alikuwa anateleza, nikamshika mkono, akauacha mkononi mwangu. Nilidhani anakwenda kwake. Akaipita njia ya kwake.

Mzee Maduhu tulimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Ni mzee mrefu, amekonda, shati lina vifungo viwili tu. Alipotuona hakunyanyuka. Mikono ikasimama.

Mama Holo hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Alikaa chini, kwenye udongo, miguu pembeni, kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama Holo."

 Kuku wakaja kuokota mahindi, mzee hakuwafukuza.

"Nimekuja kukupa pole ya mwenzangu," Mama Holo akasema. "Nimechelewa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Umejua leo?"

"Wamemtaja kwenye spika."

"Hm."

Nilitegemea aseme kitu cha kumpa moyo. Kwamba yameisha, kwamba tumwachie Mungu.  Alipukuchua hindi moja lote mpaka likaisha, akaliweka chini, ndipo akaongea, na alikuwa hamwangalii.

"Nilisaini mimi. Kama shahidi. Masanja alikuja na watu wa kampuni, wakaniuliza mke anajua, yeye akasema anajua, mimi nikasaini. Nilipaswa kukuita. Sikukuita. Uliponitukana nikasema kamuulize mumeo, nikaona basi, mimi nimemaliza."

"Hukumaliza," Mama Holo akasema.

"Sikumaliza. Mama Kabula alinigombeza kwa hilo mpaka hana sauti. Kila siku: mwambie mwenzangu, mwite mwenzangu. Nikamwambia siwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu. Akataka kuja mwenyewe kwako, nikamkatalia, miguu ilikuwa imevimba."

Hapo Mama Holo alilia. Hakulia kwa kelele. Aliinama tu mpaka paji la uso likagusa magoti. Mimi nilisimama pale kama nguzo. Nilitaka kumchukia na Mzee Maduhu pia, na kwa kiasi nilimchukia, lakini yeye angalau alikuwa anakisema kitu chake kwa mdomo wake mwenyewe bila kuulizwa mara mbili.

Baada ya muda Mama Holo akauliza amelazwa wapi.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Bado ni udongo, halijajengewa, magugu yameota kwa mvua hizi. Alipiga goti. Akaanza kung'oa magugu kwa mkono, moja moja, anaongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Mimi Kisukuma nakisikia, bibi yangu alinilea. Sitaandika alichosema. Ni cha wawili wale. Nitaandika tu kwamba kuna mahali alicheka.

Wanawake wawili wa jirani walikuwa wamesimama kwenye ua wanaangalia. Mmoja akaondoka haraka, nikajua habari imeshafika kisimani. Mwingine, mama mzee, aliingia bila kuongea, akapiga goti upande wa pili wa kaburi, akaanza kung'oa naye.

Tulipokuwa tunaondoka Mzee Maduhu alitusindikiza mpaka barabarani. Alisema Jumatatu atakwenda ofisi ya kata, na akiulizwa atasema alichofanya, kwamba mke hakuitwa na yeye alisaini hivyo hivyo. "Watanivua huu uenyekiti," alisema. "Wavue." Mama Holo akamwambia naye atakuwepo. Hawakupeana mikono. Lakini Mama Holo alimwambia, "Shemeji, kale kwanza, umekonda."

Nikamuuliza mama wa watu kama atakwenda kulala kwa dada yake, maana ana dada Kisesa mjini. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Ile nyumba matofali yake nimefyatua mimi. Nalala humo. Yeye na suti yake ndiye atafute pa kulala."

Nikarudi peke yangu. Nilifika hapa jua bado liko juu kidogo, nikapika uji wa binti yangu, nikatia miguu kwenye beseni.

Ndipo Deo alipopiga.

Alikuwa mpole sana. Amesikia mama yule anataka kwenda kata kuyapinga mauzo. Je, nimefikiria kwamba kazi ikisimamishwa ni wanawake wote tunarudi nyumbani, na mvua ndiyo hii? Alikuwa sahihi, nimelifikiria tangu kule kaburini. Wenzangu wana watoto. Mimi nina mtoto. Hakuna kiwanda kinachonisubiri.

Halafu akasema kampuni inatafuta mwanamke wa kuwasimamia wenzake, mtu mwenye akili, anayejua kuandika. Kwamba jina langu limetajwa.

"Kitu kidogo tu dada Minza. Wewe ndiye ulikuwa unapanda naye. Ukiulizwa, sema alikuwa anajua. Kwamba alishakusimulia siku nyingi kuwa mumewe ameuza. Si kumuumiza, ni kuweka mambo sawa."

Nikamwambia nitafikiria.

Nitafikiria! Nimekata simu nikabaki namwangalia binti yangu anakunywa uji. Ningeweza kusema hapana pale pale. Neno fupi kiasi gani. Lakini mdomo wangu ulifanya kama ile mikono mchana, ulijibu kile ambacho mwenye kazi anapenda kusikia. Na nilikuwa natoka kumwona mzee wa watu ambaye alikaa kimya kidogo tu, akidhani ni heshima, na kilichotoka humo ni kaburi lenye magugu ambalo rafiki hakulifikia.

Ndiyo maana nasema kinyaa. Si cha Baba Holo peke yake, ingawa mafuta yale kidevuni nitayaona nikifumba macho. Ni jinsi jambo lile linavyohitaji watu wengi wadogo ili liwezekane. Wa kusaini, wa kutabasamu, wa kupiga makofi. Wa kusema nitafikiria.

Nilipofika hapa katika kuandika nikaacha kwanza. Nimechukua simu, nimemwandikia Deo: "Hakujua. Mimi nilikuwepo alipojua. Nikiulizwa nitasema hivyo."

Nimetuma.

Ameusoma. Hajajibu, na sidhani kama atajibu. Jina langu nadhani limeshafutwa huko lilikokuwa limetajwa.

Maji ya beseni yamepoa. Binti yangu ananiuliza kwa nini nimesema Jumatatu navaa gauni la kanisani. Nimemwambia nakwenda ofisi ya kata kukaa na mama mmoja rafiki yangu, asiingie humo peke yake. Akauliza, na Jumanne?

Jumanne sijui, mwanangu.